Nani Yuko Zamu Ndani ya Tarakilishi?

Wahenga walinena kwamba kuuliza si ujinga. Hawakutuambia lolote kuhusu yule anayeulizwa halafu akatulia tuli kama maji mtungini. Makala hii inahusu tarakilishi iliyopewa amri ikanyamaza, na jinsi ukimya huo ulivyokaribia kuwapotezea ndugu zetu wa kidato cha nne kazi ya muhula mzima. Mkosaji wa kwanza nilikuwa mimi mwenyewe, kwa hivyo hapa sitamnyoshea mtu kidole.

Wale wanaoingia maabara ya tarakilishi wanajua kuna mashine moja pembeni ambayo hakuna mtu anayeketi mbele yake. Hiyo ndiyo seva. Kazi yake ni kutunza faili za wanafunzi. Ukikaa kwenye tarakilishi yoyote ile nyingine ukafungua folda ya MIRADI, unaona kazi yako, kumbe yenyewe iko kule pembeni ndani ya seva. Tarakilishi zile nyingine zinatumia Windows. Seva inatumia Linux, mfumo ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka wa 1991 akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu huko Helsinki, Finland. Linux ya seva yetu haina vidirisha wala vipicha vya kubofya. Unaandika amri kwa kibodi, unabonyeza Enter, basi.

Likizo ya Aprili ilipofika, aliyekuwa akisimamia maabara alizima folda hiyo ili mtu asije akachezea miradi ya wenyewe. Shule zilipofunguliwa nikatumwa niiwashe. Mimi ni mwanafunzi wa kutwa na nyumbani ni mbali, hivyo jioni hukaa maabara nikingoja msongamano wa matatu upungue. Nikaketi mbele ya seva nikaandika:

systemctl start smbd

Tarakilishi haikusema neno. Iliniwekea tu mstari mpya na kile kialama kinachopepesa macho, kana kwamba sijasema chochote. Nikakimbilia tarakilishi nyingine, nikafungua MIRADI, nikazikuta faili zote zipo. Nikafurahi ghaya ya kufurahi. Nikafunga mlango nikaenda zangu nyumbani, na wiki tatu zikapita salama salimini.

Halafu usiku mmoja wa mvua kubwa stima ikapotea mtaa mzima. Kufikia asubuhi ilikuwa imerudi. Seva nayo ilikuwa imejiwasha, taa yake ya kijani inametameta kama kawaida. Kidato cha nne wakaingia, wakafungua tarakilishi zao, lo! Folda ya MIRADI haipo. Walikuwa wamebakisha siku mbili tu wamwonyeshe mwalimu miradi yao ya somo la Tarakilishi, na wengine hawakuwa na nakala mahali pengine popote. Dada mmoja akaanza kulia papo hapo. Mimi niliitwa kutoka darasani katikati ya somo la Kemia, na nilipofika maabara jasho lilikuwa linanitiririka kama niliyetoka kukimbia mbio za nyika.

Nikaandika amri ya kuuliza hali, yaani systemctl status smbd. Safari hii tarakilishi ilijibu. Katikati ya jibu palikuwa na neno inactive, na mbele yake, ndani ya mabano, neno dead. Wote waliokuwa wamesimama nyuma yangu walisoma neno hilo la pili. "Dead? Imekufa!" Kabla sijageuka habari ilikuwa imefika hadi kwenye veranda. Kaka mmoja wa kidato cha nne, ambaye kwa kweli anaijua tarakilishi kuniliko, akasema dawa ni moja tu: tufute mashine yote tuweke Linux mpya. Tena alikuwa na flashi tayari mkononi. Bahati yetu ni kwamba mwalimu alisema tungoje mapumziko ya saa nne. Lau asingalisema hivyo, miradi yote ingalifutwa, na tungaliifuta kwa mikono yetu wenyewe tukidhani tunaiokoa.

Maana hakuna kitu kilichokuwa kimekufa. Faili zote zilikuwa kwenye diski, zimetulia. Katika lugha ya programu ile, neno dead lina maana kwamba huduma haifanyi kazi kwa wakati huo. Bawabu wa shule akienda nyumbani jioni huwezi kusema amekufa! Lakini ndivyo mashine inavyosema, nasi tuliisadiki.

Hebu sasa nieleze huduma yenyewe ni kitu gani. Programu nyingi tunazozijua huwa na kidirisha: unaifungua, unaandika barua, unaifunga. Huduma ni programu isiyokuwa na kidirisha. Inakaa ndani kwa ndani ikingoja mtu aje kuhitaji kitu. Ile iitwayo smbd ni sehemu ya programu ya Samba (si simba jamani), na kazi yake ni kusimama langoni: tarakilishi ya Windows ikibisha hodi na kuomba folda, yeye ndiye anayeifungulia. Asipokuwepo, folda haionekani hata kama imejaa faili. Herufi d iliyo mwisho wa jina lake ni ya daemon. Neno hilo lilianza kutumiwa hivi mwaka wa 1963 katika chuo cha MIT kule Marekani, na waliolianzisha walikuwa wanamkumbuka kiumbe wa kufikirika wa mwanafizikia James Clerk Maxwell, yule anayekaa mlangoni akichambua chembe za hewa. Kwa hivyo msiogope, si mambo ya majini.

Sasa, kuhusu bawabu kuna maswali mawili, na kosa langu lote limo humo. Swali la kwanza: je, sasa hivi yuko langoni? Swali la pili: je, jina lake limo katika orodha ya zamu, ili shule ikifunguliwa kesho aje bila kuitwa? Mtu anaweza kuwa langoni leo na jina lake halimo kwenye orodha. Aliitwa tu kusaidia. Tena jina linaweza kuwa kwenye orodha na mwenyewe hayuko langoni kwa sasa, ameenda kunywa chai. Ni mambo mawili mbalimbali kabisa.

Linux nayo ina amri mbili mbalimbali. Amri ya start ni kumwita bawabu aje kazini sasa. Amri ya enable ni kuandika jina lake katika orodha ya zamu. Vivyo hivyo stop ni kumwambia aondoke sasa, na disable ni kufuta jina lake. Ukifuta jina peke yake bawabu haondoki. Ataendelea kusimama pale mpaka mashine izimwe. Aliyezima folda wakati wa likizo alikuwa amefanya yote mawili, yaani alimwondoa bawabu na akafuta jina. Mimi niliporudi nikafanya moja tu. Nilimwita bawabu. Akaja, akakaa wiki tatu, stima ikapotea, mashine ikaanza siku mpya kwa kusoma orodha ya zamu, na jina lake halikuwemo.

Utaniuliza, kwani hukuangalia? Niliangalia! Siku ile ile ya kwanza niliandika systemctl status smbd, nikaona kitone cha rangi ya kijani na neno active limeandikwa kwa kijani pia. Nikaridhika. Jibu la swali la pili lilikuwepo, lakini unajua lilikuwa wapi? Lilikuwa kwenye mstari uliotangulia, ule unaoanza na neno Loaded, ndani ya mabano, baada ya njia ndefu ya faili yenye mikwaju mitano hivi, halafu nukta mkato, halafu ndipo neno disabled. Hapakuwa na kitone wala onyo. Jibu la swali la kwanza limepigiwa tarumbeta na la pili limefichwa uvunguni mwa kitanda. Nadhani hata msomaji makini angelipita tu.

Nilijiuliza kwa nini watu wenye akili nyingi namna hiyo walitengeneza amri namna hii. Nilisoma nikapata kwamba kila jambo lina asili yake.

Ukimya ni urithi wa Unix, mfumo ambao ni kama babu wa Linux. Ulianza mwaka wa 1969 katika maabara ya Bell Labs huko Marekani, chini ya Ken Thompson na Dennis Ritchie. Wakati huo hawakuwa na skrini kama zetu. Walitumia mashine za teletaipu zilizopiga chapa kwenye karatasi, nazo zilipiga herufi 10 tu kwa sekunde. Kama mashine ingekujibu kwa sentensi ndefu kila unapoipa amri, ungekesha. Basi ikawa desturi kwamba mambo yakienda sawa programu inyamaze, na iseme tu pakiwa na hitilafu. Halafu mwaka wa 1973 Unix ikapata njia ya kuunganisha programu, ili maneno yanayotoka katika hii yaingie moja kwa moja katika ile kama maji kwenye mfereji. Hapo maneno ya ziada yakawa ni takataka za kuziba mfereji. Desturi hiyo ilikuwa na maana kubwa, na hata leo ina maana, lakini mimi sikuwa mfereji siku ile. Nilikuwa mtu, na nilihitaji kuambiwa.

Asili ya orodha ya zamu inachekesha zaidi. Zamani Linux nyingi zilifuata mtindo wa Unix ulioitwa System V. Ndani ya mashine mlikuwa na folda ya maandishi ya kuanzisha huduma, /etc/init.d, na kando yake folda nyingine za rc0.d hadi rc6.d, moja kwa kila hali ya mashine. Ukitaka huduma ianze yenyewe, ulihitaji kiungo ndani ya mojawapo ya folda hizo, na jina la kiungo lilianza na herufi S na nambari, kwa mfano S20samba. Herufi S ni ya kuanzisha, na K ni ya kuua. Mashine ilisoma majina hayo kwa kufuata nambari, moja baada ya nyingine, kama mwalimu anayesoma rejista. Kuandika viungo hivyo kwa mkono kulichosha, kwa hivyo Red Hat wakawa na amri ya chkconfig na Debian wakawa na update-rc.d. Kumwita bawabu kwenyewe kulikuwa na amri nyingine tofauti. Mtu akihama kutoka aina moja ya Linux hadi nyingine anaanza kujifunza upya.

Mwaka wa 2010 Lennart Poettering na Kay Sievers walitoa mfumo mpya, systemd, ambao ndio wenye amri ya systemctl. Fedora 15 iliuchukua mwaka wa 2011, na mwaka wa 2015 Debian 8 na Ubuntu 15.04 nazo zikaufuata. Watu walibishana vibaya sana. Baadhi ya watu wa Debian walikasirika wakajitenga na kuanzisha Linux yao, Devuan, isiyokuwa na systemd. Mimi siingii katika ugomvi wa watu wazima. Ninachosema ni kwamba systemd ilifanya jambo jema: ilileta amri zote chini ya jina moja, iwe ni Fedora au Debian. Lakini ule mgawanyiko wa kale ulibaki ndani ya nyumba mpya. Hata leo ukiandika systemctl enable, jibu unalopewa ni kwamba kiungo kimeumbwa kutoka faili fulani hadi faili fulani. Jamani! Mimi nataka kujua kama folda itarudi baada ya stima kupotea, na yeye ananieleza habari za mabomba yaliyo chini ya nyumba.

Kuna wengine walioliona tatizo hili. Mfumo uitwao FreeBSD, ambao nao ni wa ukoo wa Unix, una desturi ninayoipenda sana. Ukiiambia iwashe huduma ambayo haimo katika orodha ya zamu, inakataa katakata. Inakuambia: siwezi kuiwasha, ama iandike kwenye faili ya /etc/rc.conf kwamba inaruhusiwa, ama utumie amri ya onestart kama unaitaka kwa mara hii tu. Kama seva yetu ingalikuwa ya FreeBSD, ningaliulizwa siku ile ile ya kwanza, "Wataka ya leo tu ama ya siku zote?" na kidato cha nne wasingalilia. Wengine watasema kwamba kukataa ni ukali uliozidi. Afadhali ukali wa jioni moja kuliko machozi ya asubuhi.

Hata Windows, ambayo wajuzi wa Linux hupenda kuicheka, hapa imewashinda. Andika services.msc kwenye tarakilishi yoyote ya maabara yetu uone. Kinafunguka kidirisha chenye orodha ya huduma, na majibu ya maswali mawili yamepangwa kwa safu, moja kando ya nyingine: safu ya kwanza inasema kama inafanya kazi sasa, ya pili inasema kama huanza yenyewe. Zote zina ukubwa mmoja wa maandishi. Huwezi kuona moja usione ya pili. Lakini tusiisifu kupita kiasi. Ukitumia amri yake ya zamani iitwayo sc, ni lazima uandike start= kisha uache nafasi kabla ya neno auto. Usipoacha nafasi, inakataa. Nani angebuni hilo peke yake?

Systemd nao wameongeza kitu. Tangu mwaka wa 2015 unaweza kuandika systemctl enable --now smbd, na hapo bawabu anaandikwa kwenye orodha na kuitwa kazini kwa pamoja. Hiyo ndiyo amri niliyotumia saa nne ile, mwalimu akiwa amesimama kando yangu. Folda ikarudi mara moja, na maabara nzima ikapiga makofi. Sikustahili makofi.

Jambo jingine dogo ni mpangilio wa maneno. Amri ya zamani ilikuwa service smbd restart, jina kwanza na kitendo mwisho. Mpya ni systemctl restart smbd, kitendo kwanza na jina mwisho. Walioleta mpya wana sababu: kitendo kikitangulia unaweza kutaja huduma nyingi kwa mpigo. Lakini jaribu kukaa mbele ya mashine yenye matatizo. Unasimamisha, unawasha, unauliza hali, unasimamisha tena, huduma ni ile ile moja. Kwa amri ya zamani unabonyeza mshale wa juu na kubadilisha neno la mwisho tu. Kwa mpya inakubidi urudi katikati ya mstari. Ni jambo dogo kama jiwe ndani ya kiatu.

Baada ya kisa hicho niliamua kuandika programu ndogo ya kurahisisha mambo, na kwa kuwa mimi ni mwanachama wa Chama cha Kiswahili, nikaamua iwe kwa Kiswahili. Niliiita huduma. Jaribio la kwanza lilikuwa tafsiri tupu: start nikaiita anzisha, stop nikaiita simamisha, enable nikaiita wezesha, disable nikaiita lemaza. Nikajiona bingwa. Nikawaita wenzangu wanne wa darasani, nikawaambia, "Folda haionekani, irudisheni, na hata stima ikipotea irudi." Watatu kati yao waliandika huduma wezesha smbd, wakakaa wakingoja folda itokee. Haikutokea. Mmoja akaniambia, "Si nimeiwezesha? Mbona haiwezi?" Nilicheka, halafu nikanyamaza, kwa sababu alikuwa amesema kweli. Nilikuwa nimetafsiri maneno na kuliacha tatizo pale pale lilipokuwa. Kwa Kiingereza enable haikuambii lolote juu ya kesho, na kwa Kiswahili wezesha nayo haikuambii.

Jibu lilinijia nikiwa kwenye gwaride la asubuhi, mwalimu wa zamu akitangaza. Zamu! Hakuna mwanafunzi nchini Kenya asiyejua maana ya kuwa zamuni. Nikaifuta ile ya kwanza nikaandika hii:

#!/bin/bash
case "$1" in
  washa)  systemctl start "$2" ;;
  zima)   systemctl stop "$2" ;;
  zamuni) systemctl enable "$2" ;;
  likizo) systemctl disable "$2" ;;
esac
systemctl is-active --quiet "$2" && echo "SASA: iko kazini" || echo "SASA: haiko kazini"
systemctl is-enabled --quiet "$2" && echo "STIMA IKIRUDI: itarudi yenyewe" || echo "STIMA IKIRUDI: haitarudi yenyewe"

Msomaji usiyejua programu, usitishike. Ile mistari ya katikati inasema: mtu akiandika washa, tumia start, akiandika likizo, tumia disable, na kadhalika. Mistari miwili ya mwisho ndiyo roho ya kitu chote. Haijali umetoa amri gani. Kila mara inauliza maswali yote mawili na kuyajibu kwa uzito mmoja. Kwa hivyo ukiandika huduma washa smbd, kama nilivyofanya mimi siku ile, utaona:

SASA: iko kazini
STIMA IKIRUDI: haitarudi yenyewe

Niliwapa kazi ile ile wenzangu wengine wanne ambao hawakuona ya kwanza. Wawili waliandika washa peke yake, wakasoma mstari wa pili, wakasema "Aa!" na wakaongeza zamuni wenyewe bila kuambiwa. Wawili walianza na zamuni, wakaona SASA: haiko kazini, wakaongeza washa. Hakuna aliyenijia na swali. Na hakuna neno dead mahali popote.

Sisemi kwamba programu yangu haina kasoro. Kuna huduma ambazo haziandikwi kwenye orodha kamwe kwa sababu huitwa na huduma nyingine zinapohitajiwa. Systemctl huziita static, na programu yangu inadai zitarudi zenyewe, jambo ambalo si kweli kila mara. Nitarekebisha. Pia niliongeza sharti kwamba maneno haya yaandikwe tu pale ambapo kuna mtu mbele ya skrini. Programu nyingine ikiitumia, inyamaze kama desturi ya wazee wa Unix inavyotaka. Katika bash hilo hupimwa kwa [ -t 1 ], mstari mmoja tu. Kumbe mtu na mfereji wanaweza kuhudumiwa na amri moja bila ugomvi.

Nilipomwonyesha mwalimu wa somo, aliitazama kwa muda kisha akaniuliza swali lililonichoma: "Vizuri. Na siku utakayoajiriwa mahali ambapo huduma yako haipo, utafanyaje?" Sikuwa na jibu siku hiyo. Ni kweli kwamba anayezoea kubebwa husahau kutembea. Nilirudi nyumbani nikifikiria ndani ya matatu hadi nikapitishwa kituo. Siku iliyofuata nikaongeza mstari mmoja wa mwisho. Sasa kila ukitumia huduma, baada ya yale majibu mawili inakuandikia pia: Amri halisi, ikifuatwa na systemctl start smbd au yoyote ile iliyotumika. Ukiitumia mwezi mmoja utakuwa umezikariri amri zenyewe bila kukaa chini kuzisoma. Mwalimu aliikubali, na sasa imewekwa kwenye seva, pamoja na kadi iliyobandikwa ukutani. Kidato cha nne nao wamejifunza kuweka nakala ya pili kwenye flashi, jambo ambalo lilipaswa kufanywa hata kabla yangu.

Limebaki neno moja linalonisumbua. Kuna amri mbili zinazofanana, restart na reload. Ya kwanza inamwondoa bawabu na kumrudisha, na yeyote aliyekuwa amefungua faili wakati huo anaweza kukatizwa kazi yake. Ya pili inamwacha bawabu pale pale langoni na kumwambia tu asome upya karatasi ya maagizo, bila kumkatiza mtu yeyote. Tofauti hiyo ni kubwa siku ambayo maabara imejaa. Restart nimeiita rudisha, na inaeleweka. Lakini reload? Nilijaribu pakia upya, wenzangu wakaniuliza kama tunapakia magunia ya viazi kwenye lori. Nikajaribu soma upya, wakadhani ni wao wanaotakiwa kusoma. Mwanachama mwenye neno zuri anitafute maabara jioni yoyote, kabla ya saa kumi na moja.